Kiapo Mbele ya Mahakama: Historia ya Imani, Ukweli na Neno la Asiyeamini

Swali la iwapo maadili yanamtegemea Mungu limejadiliwa kwa karne nyingi na wanafalsafa na wanatheolojia, lakini mahali lilipolazimika kupatiwa jibu la kivitendo, tena mbele ya watu waliokuwa wakidai haki zao, ni mahakamani, katika desturi ya kumwapisha shahidi kabla hajaanza kueleza aliyoyaona. Kiapo, kwa maana yake ya kisheria, ni tamko ambalo kwalo msemaji humwita Mungu, au nguvu nyingine iliyo juu ya binadamu, iwe shahidi wa maneno yake na imwadhibu endapo atasema uongo. Ndani ya desturi hiyo mna dai zito kuhusu chimbuko la uadilifu, nalo ni kwamba mtu husema kweli kwa sababu anamwogopa Muumba wake, na kwamba asiye na hofu hiyo hana kitu kinachomfunga. Historia ya kiapo katika sheria ya Kiingereza, ambayo kupitia India ndiyo iliyofika Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, ni historia ya dai hilo kupimwa, kupingwa na kupunguzwa nguvu hatua kwa hatua kwa muda wa takribani karne tatu.

Inafaa kuzingatia kwamba hata katika maandishi ya kale swali hili linajitokeza mlangoni mwa mahakama. Katika mazungumzo yaitwayo Euthyphro, mwanafalsafa Plato wa Athens anamwonyesha mwalimu wake Socrates, ambaye mwaka 399 kabla ya Kristo alishtakiwa kwa kutoiheshimu miungu ya mji wake, akikutana na mtu aliyekuja kumshtaki baba yake mzazi kwa mauaji na aliyejigamba kwamba anajua kwa hakika yanayoipendeza miungu. Socrates anamuuliza iwapo jambo takatifu hupendwa na miungu kwa kuwa ni takatifu, au huwa takatifu kwa kuwa miungu inalipenda. Jibu la kwanza lina maana kwamba wema una msingi wake ambao hata miungu inautambua, ilhali la pili lina maana kwamba wema ni amri tu, na kwamba amri ikibadilika basi wema nao utabadilika pamoja nayo.

Katika ulimwengu wa Kiislamu suala hilohilo lilichambuliwa kwa makini makubwa ndani ya elimu ya kalamu, yaani elimu inayotetea na kufafanua itikadi kwa hoja za akili. Wanazuoni wa madhehebu ya Muutazila, ambao miongoni mwa wakubwa wao alikuwa kadhi Abd al-Jabbar aliyefariki mwaka 1025, walishikilia kwamba akili ya binadamu inaweza yenyewe kutambua kuwa dhuluma ni mbaya na kwamba kumwokoa anayezama ni vizuri, hata kabla ya ujumbe wa mtume kumfikia mtu. Wafuasi wa Abu al-Hasan al-Ashari, aliyefariki takribani mwaka 936 baada ya kuwa yeye mwenyewe mwanafunzi wa Muutazila kwa miaka mingi, walijibu kwamba jambo huwa jema kwa kuwa Mungu ameliamrisha na huwa baya kwa kuwa amelikataza, na kwamba akili bila ufunuo haina mamlaka ya kutoa hukumu hiyo. Mwambao wa Afrika Mashariki, uliofuata fikihi ya Kishafii na kupokea wanazuoni wengi kutoka Hadhramaut, uliirithi zaidi itikadi ya Kiashari, huku watawala wa Zanzibar waliotoka Oman wakifuata madhehebu ya Ibadhi. Jambo ambalo haliruhusiwi kusahauliwa katika habari hii ni kwamba pande zote hizo ziliswali, zilifunga na zilimcha Mungu. Kwa hiyo anayedai kwamba ni makafiri pekee wanaoshuku kuwa wema wote unatokana na amri hajausoma urithi wa dini yenyewe.

Zaidi ya hayo, utaratibu wa mahakama za kadhi ulikuwa na mpangilio wake uliotofautiana na ule wa Kiingereza. Kanuni mashuhuri ya fikihi huweka ushahidi, unaoitwa bayina, juu ya anayedai, na kiapo, kinachoitwa yamini, juu ya anayekana, kwa maana kwamba mdai akikosa mashahidi humwachia mdaiwa aape kuwa hadaiwi, na akiapa madai huanguka. Shahidi kwa kawaida hakuhitaji kuapishwa, kwa kuwa kilichotazamwa ni uadilifu wake, yaani mwenendo wake uliojulikana na majirani: je, hutimiza ahadi, hujiepusha na madhambi makubwa, hana uadui na mtu anayemtolea ushahidi? Ni kweli kwamba uadilifu huo ulipimwa kwa vipimo vya dini, na ni kweli pia kwamba ushahidi wa asiye Mwislamu dhidi ya Mwislamu ulikataliwa na wanazuoni wengi. Hata hivyo, kadhi aliyeuliza habari za shahidi mtaani alikuwa akikiri, kwa kitendo chake, kwamba jina la Mungu likitajwa ulimini halitoshi kumfanya mtu aaminike, na kwamba hulka iliyozoeleka kwa miaka ndiyo dhamana ya kweli zaidi.

Huko Uingereza mkazo uliwekwa kwenye kiapo chenyewe. Mwanasheria Edward Coke, ambaye maandishi yake ya mwanzoni mwa karne ya 17 yaliheshimiwa na mahakimu kwa muda mrefu, aliandika kwamba asiye Mkristo hawezi kupokelewa kuwa shahidi. Mwaka 1689 John Locke, katika waraka wake maarufu wa kutetea uvumilivu wa kidini, alipanua sana mipaka ya wale wanaostahili kuachwa wafuate dhamiri zao, lakini aliwatenga waziwazi wanaokana kuwapo kwa Mungu, akisema kwamba ahadi, mapatano na viapo, vitu vinavyoishikamanisha jamii ya watu, haviwezi kumfunga mtu wa namna hiyo. Hoja hiyo ilikuwa imekwisha kupingwa na Mfaransa Pierre Bayle, Mprotestanti aliyekimbilia Uholanzi, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1682 kuhusu nyota yenye mkia alidai kwamba jamii ya wasioamini ingeweza kuishi kwa utaratibu na staha, kwa kuwa watu, waamini kwa wasioamini, hutenda zaidi kwa kufuata tabia, heshima na hofu ya sheria kuliko kwa kufuata itikadi wanazozikiri. Kati ya wawili hao, Locke ndiye aliyesikilizwa na wanasheria wa Kiingereza, ingawa matukio ya karne mbili zilizofuata yalimthibitisha Bayle.

Ufa wa kwanza katika ukuta huo haukutokana na watu wasioamini. Ulitokana na Wakristo waliokuwa na imani kali kuliko wenzao. Wakweka, wafuasi wa kundi lililoanzishwa na George Fox katikati ya karne ya 17, walisoma katika Injili ya Mathayo kwamba Yesu aliwakataza wanafunzi wake wasiape kabisa, nao wakaamua kulitii katazo hilo kama lilivyo, wakieleza kwamba anayeapa ili aaminike anakiri kuwa asipoapa hasemi kweli. Kwa msimamo huo walifungwa, na sheria maalumu dhidi yao ilipitishwa mwaka 1662. Bunge lilipolegeza msimamo mwaka 1695 liliwaruhusu kutoa tamko la uthibitisho, yaani ahadi nzito ya kusema kweli isiyo kiapo, katika mashauri ya madai tu. Hata tamko hilo lilitaja kuwapo kwa Mwenyezi Mungu kama shahidi, jambo lililowaudhi wengi wao kwa kuwa lilifanana mno na kile walichokikimbia, hadi maneno hayo yalipoondolewa mwaka 1722. Ilibidi waingoje karne ya 19, mwaka 1828, ndipo waruhusiwe kutoa ushahidi kwa njia hiyo katika kesi za jinai.

Ufa wa pili uliletwa na biashara. Mwaka 1744 mahakama ya juu ya usawa mjini London, chini ya Jaji Mkuu wa mahakama hiyo Lord Hardwicke, ilitoa hukumu katika shauri la Omychund dhidi ya Barker, lililohusu deni la mfanyabiashara wa Calcutta na ambalo mashahidi wake walikuwa Wahindu walioapishwa huko kwa desturi yao, kwa kuugusa mguu wa kasisi wa Kibrahmani. Kama kanuni ya Coke ingefuatwa, hakuna mfanyabiashara wa Kihindu ambaye angeweza kudai chake mbele ya Waingereza, na mawakili hawakuficha kwamba jambo hilo lingeiharibu biashara yote ya mashariki. Majaji wakaamua kwamba kinachohitajika ni shahidi kuamini kwamba yupo Mungu atakayemwadhibu mwongo, awe anamwabudu kwa jina lolote. Kwa uamuzi huo Mhindu na Mwislamu waliingia kizimbani, lakini asiyeamini alibaki nje, na safari hii kwa hoja iliyo wazi zaidi kuliko awali, kwa kuwa sasa ilikuwa dhahiri kwamba mahakama haikutafuta dini ya kweli bali hofu ya adhabu.

Hapo ndipo udhaifu wa dai zima ulipoanza kuonekana, na aliyeuanika kwa ukali zaidi ni John Stuart Mill katika kitabu chake kuhusu uhuru kilichochapishwa mwaka 1859. Mill alitaja matukio ya mwaka 1857, ambapo watu wawili walikataliwa kuwa wazee wa baraza, yaani wajumbe wa jopo linaloamua kesi pamoja na jaji, kwa sababu walikiri kwamba hawana imani ya kidini, na mgeni mmoja alinyimwa msaada wa sheria dhidi ya mwizi kwa sababu hiyohiyo. Alionyesha kwamba kanuni hiyo inajiangamiza yenyewe: asiyeamini aliye tayari kusema uongo huapa bila kusita na ushahidi wake hupokelewa, ilhali anayekataliwa ni yule tu anayeona afadhali kuaibika mbele ya watu kuliko kutamka neno asilolisadiki. Mahakama ilikuwa imetengeneza chujio linalowapitisha waongo na kuwazuia wakweli. Hoja hii haijapata kujibiwa kikamilifu hadi leo, na thamani yake ni kwamba haimtaki msomaji aache imani yake. Inamtaka tu atazame ni nani hasa aliyekuwa akifukuzwa kizimbani. Bunge lilipitisha sheria mwaka 1869, na nyingine ya kuikamilisha mwaka 1870, zilizowaruhusu wasioamini watoe ushahidi kwa tamko la uthibitisho.

Sheria hizo zilihusu mahakama peke yake, na pambano kubwa likahamia bungeni. Charles Bradlaugh, aliyezaliwa London mwaka 1833 na aliyeanzisha chama cha kitaifa cha watu wasiofuata dini mwaka 1866, alichaguliwa kuwa mbunge wa Northampton mwaka 1880 na akaomba kutoa uthibitisho badala ya kuapa. Kamati ya bunge ilikataa ombi hilo, naye akasema kwamba kama sheria inamlazimisha atakula kiapo, huku akieleza hadharani kwamba maneno ya mwisho ya kiapo hicho hayana maana kwake. Ndipo wabunge waliokuwa wamemzuia asithibitishe wakamzuia asiape. Mwezi Juni mwaka huo alifungwa kwa usiku mmoja katika mnara wa saa wa jengo la bunge, na mwezi Agosti mwaka 1881 alitolewa nje ya jengo kwa nguvu. Wapiga kura wa Northampton walimrudisha mwaka 1881, wakamrudisha tena 1882, na tena 1884. Waziri Mkuu William Gladstone, Mwanglikana aliyesali kila siku na aliyeuchukia mtazamo wa Bradlaugh kuhusu dini, aliutetea bungeni mwaka 1883 mswada wa kumruhusu kuthibitisha, akisisitiza kwamba kumtoza mtu imani isiyo na umbo hakuitumikii dini wala taifa. Mswada huo ulishindwa kwa kura 292 dhidi ya 289. Miaka mitatu baadaye Spika mpya, Arthur Peel, alikataa kusikiliza pingamizi lolote na Bradlaugh akaapishwa, na mwaka 1888 ni yeye mwenyewe aliyefanikisha kupitishwa kwa sheria ya viapo iliyompa kila asiye na dini haki ya kuthibitisha popote kiapo kinapotakiwa.

Wapinzani wake walitabiri kwamba mtu wa namna hiyo hataaminika katika jambo lolote, lakini maisha yake bungeni yalisema vingine. Alijulikana kwa kufuatilia haki za watu wa India kwa bidii kiasi cha kuitwa mbunge wa India, akahudhuria mkutano wa chama cha Congress mjini Bombay mwaka 1889, na alipozikwa mwaka 1891 miongoni mwa waombolezaji alikuwamo mwanafunzi wa sheria aliyeitwa Mohandas Gandhi. Siku chache kabla ya kifo chake bunge lilifuta katika kumbukumbu zake azimio lililomzuia mwaka 1880.

Wakati huohuo sheria ya Kiingereza ya viapo ilikuwa ikisafiri. Nchini India sheria ya mwaka 1840 iliwaondolea Wahindu na Waislamu ulazima wa kuapa na kuwapa tamko la uthibitisho, na ile ya mwaka 1873 iliruhusu pia kiapo cha kimila, iwapo wadaawa wamekubaliana na iwapo namna yake haipingani na haki wala adabu. Kuanzia mwaka 1897, Waingereza walipozitumia sheria za India katika himaya yao ya Afrika Mashariki, taratibu hizo zilifika Mombasa na bara, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza zikafika Tanganyika. Sheria ya ushahidi ya India ya mwaka 1872 iliendelea kutumika Kenya hadi mwaka 1963 na Tanzania hadi 1967. Athari zake hazijafutika: katika kumbukumbu za mahakama za Tanzania, kando ya jina la shahidi huandikwa kwamba yeye ni Mkristo na ameapa, au ni Mwislamu na amethibitisha.

Huku bara sheria hiyo ilikutana na viapo ambavyo Locke hakuvifikiria. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu Wakikuyu, alieleza aina tatu za viapo kwa kadiri ya uzito wa shauri: muuma kwa migogoro midogo, kumpiga beberu kwa jiwe hadi mifupa ivunjike kwa madai makubwa zaidi, na githathi, jiwe lenye matundu saba, kwa mashauri mazito kuliko yote. Wakamba walikuwa na kithitu, kifaa cha kiapo kilichoogopwa kuliko mahakama yoyote, na maofisa wa wilaya walikubali kitumike kumaliza mashauri ambayo ushahidi wa kawaida ulishindwa kuyamaliza. Katika viapo hivyo adhabu haikungojwa siku ya kiyama. Ilitarajiwa hapahapa duniani, katika muda uliojulikana, na ingeweza kuwaangukia ndugu wa aliyeapa. Nguvu yake ilikaa katika kifaa na katika laana, wala haikuhitaji maelezo ya theolojia kuhusu Mungu anayesoma mioyo. Wasomi wa Kiafrika wametofautiana kuhusu maana ya mambo kama haya. John Mbiti wa Kenya aliona dini ikipenya kila upande wa maisha ya Mwafrika, ilhali Okot p'Bitek wa Uganda aliwalaumu wanaowavisha Waafrika Mungu wa Wakristo na Wagiriki, na Kwasi Wiredu wa Ghana alieleza kwamba maadili ya Waakani yamejengwa juu ya maslahi ya binadamu, si juu ya amri ya Mungu. Historia ya viapo yenyewe inaonyesha angalau hili: jamii ya Wakamba na ile ya Wakikuyu zilidai ukweli kutoka kwa watu wao kwa ukali uleule wa London, bila kuutegemeza kwenye msingi ambao London ilisema hauna mbadala.

Vita vya ukombozi vya Kenya viliweka jambo hili katika mwanga mchungu. Harakati za Mau Mau ziliwaunganisha watu kwa viapo, na baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ilifanya kuapisha watu kuwa kosa la kunyongwa. Serikali hiyohiyo iliwalipa waganga wafanye matambiko ya kuwatakasa walioapa, wakiitumia githathi, kwa sababu ilitambua kwamba waliokula kiapo walijihesabu wamefungwa kweli. Kenyatta, mwandishi wa maelezo yaliyotajwa hapo juu, alihukumiwa Kapenguria mwezi Aprili 1953 kifungo cha miaka saba. Kiapo kilichoheshimiwa kiasi hicho kiliwafanya baadhi ya watu wavumilie mateso bila kuwasaliti wenzao, na kiliwafanya wengine, hasa wale walioapishwa kwa nguvu, washiriki katika umwagaji damu ambao dhamiri zao zilikuwa zikiukataa. Hapa hofu ya adhabu isiyoonekana haikuzaa wema wala ubaya peke yake. Ililifunga neno la mtu, na neno lililofungwa liliweza kutumika kwa lolote.

Sheria za Afrika Mashariki ya leo zimefika mahali ambapo Bradlaugh angepatambua. Nchini Kenya asiye na imani ya dini, au ambaye dini yake inamkataza kuapa, anaruhusiwa kuthibitisha, na kiapo kilichokwisha kuliwa hakibatiliki kwa sababu ya kugundulika kwamba mwapaji hakuwa na imani. Katiba ya mwaka 2010 inamtaja Mwenyezi Mungu katika utangulizi wake na papo hapo inakataza mtu yeyote kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake. Kanuni za adhabu za Kenya na Tanzania zinampa kifungo kisichozidi miaka saba shahidi anayesema uongo kwa makusudi katika jambo la msingi, na zinasema kwamba haijalishi iwapo alisema uongo huo kwa kiapo au kwa njia nyingine inayokubaliwa na sheria. Kwa maneno mengine, sheria imeacha kuuliza shahidi anamwogopa nani na imebaki kumdai ukweli wenyewe. Wapo waumini wanaoliona hilo kuwa hasara kwa dini, lakini hukumu hiyo haistahili, kwa kuwa Mwislamu na Mkristo wanaposimama kizimbani bado wanaweza kumtaja Mungu wao kwa moyo mkunjufu, na kutajwa kwake kuna uzito zaidi kunapokuwa kwa hiari kuliko kunapokuwa sharti la kusikilizwa.

Mabadiliko ya karibuni zaidi yamewahusu watoto. Kwa miaka mingi mahakama za Tanzania zililazimika kumhoji mtoto asiyezidi miaka 14 ili kupima kama anaelewa maana ya kiapo, na kesi nyingi za ukatili dhidi ya watoto zilidhoofika kwa sababu mahojiano hayo hayakufanyika ipasavyo. Mwaka 2016 sheria ya ushahidi ilirekebishwa, na tangu hapo mtoto wa umri huo anaweza kutoa ushahidi bila kuapa wala kuthibitisha, mradi tu aiahidi mahakama kwamba atasema ukweli na hatasema uongo. Katika makosa ya kujamiiana, ushahidi wa mtoto huyo peke yake, mahakama ikiridhika kwamba amesema kweli, unatosha kumtia mtuhumiwa hatiani.